Mtakatifu Yosefu wa Dar es Salaam au Minara Miwili ya Zanzibar: kanisa lipi la kutembelea kwa miguu?

Mtu aliye Dar es Salaam mwenye asubuhi moja tu ya kutembea mjini, na ambaye anataka kuingia katika kanisa la Kikatoliki lililojengwa enzi za ukoloni, hujikuta mbele ya makanisa mawili yenye jina moja. La kwanza ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililopo Barabara ya Sokoine, likitazama bandari. La pili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Zanzibar, ambalo wenyeji wa Mji Mkongwe hulijua zaidi kwa jina la Minara Miwili. Kati ya makanisa hayo kuna safari ya takriban saa mbili kwa boti iendayo kasi, na boti zenyewe huondoka mahali ambapo mtu hufika kwa miguu kwa dakika chache akitoka kwenye lango la kanisa la kwanza. Kwa hiyo umbali hauwezi kuamua peke yake; kinachoamua ni kile ambacho mtembeaji anakitafuta.

Nimeyatembelea yote mawili mara nyingi, peke yangu na pamoja na wageni, na jibu langu nalitoa mapema ili msomaji alipime kwa yale yanayofuata. Kanisa la Dar es Salaam humpa mtu zaidi akishakuwa ndani, ameketi na kutulia. Kanisa la Zanzibar humpa mtu zaidi akiwa bado njiani, akilitafuta kati ya nyumba. Anayetaka kanisa achague la Dar es Salaam. Anayetaka matembezi yanayoishia kanisani achague Minara Miwili.

Tuanze na la Dar es Salaam. Jiji lenyewe liliasisiwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, lakini lilipata sura yake ya pwani ya leo baada ya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika la watawa kutoka Bavaria, walikuwa wamefika kabla ya hapo, wakafungua misheni yao ya kwanza Pugu mwaka 1888. Misheni hiyo haikudumu. Mwezi Januari mwaka 1889, wakati watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim walipokuwa wakipinga utawala wa Kijerumani, Pugu ilishambuliwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Ni baada ya pigo hilo ndipo kazi ya Wabenediktini ilipojikita mjini kando ya bahari, na kati ya mwaka 1897 na 1902 wakajenga kanisa hili. Liliwekwa wakfu mwaka 1905, na mwaka huohuo, mwezi Agosti, Askofu wao Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale katika Vita vya Majimaji, akiwa njiani kuelekea kusini. Mtu akiwa na mambo hayo kichwani, hawezi kulitazama jengo hili kama pambo la mjini tu. Lilijengwa na watu waliokuja pamoja na dola iliyotawala kwa nguvu, katika nchi ambayo haikuipokea dola hiyo kimyakimya, na leo waliolirithi ni wajukuu wa watu hao waliotawaliwa.

Kwa nje, kanisa hili ni la mtindo wa Kigothiki: mnara mmoja mrefu unaochongoka kuelekea juu, madirisha membamba yenye ncha, na kuta nyeupe zinazoonekana vizuri hata ukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni. Uzuri wake mkubwa, hata hivyo, upo ndani. Matao yenye ncha hupanda kutoka kwenye nguzo na kukutana juu, hivyo kwamba jicho huvutwa lenyewe hadi altareni, ambako madirisha ya vioo vya rangi yaliyoletwa kutoka Ujerumani hupokea mwanga. Juu ya altare kuu kuna michongo ya kale, na maandishi ya Kijerumani bado yanasomeka humo ndani, ingawa wanaosali chini yake leo husali kwa Kiswahili. Nawashauri wageni wangu wasiende moja kwa moja mbele. Heri waketi kwanza kwenye benchi la katikati kwa dakika kumi, macho yazoee kiza baada ya jua kali la barabarani, kisha ndipo watazame juu.

Siku moja ya kazi, majira ya saa sita na nusu mchana, niliketi hapo nikamwona mama mmoja akiingia na kitambulisho cha ofisi kikiwa bado kinaning'inia shingoni. Alichovya vidole kwenye maji ya baraka, akapiga goti mbele ya taa nyekundu ya tabernakulo (kisanduku kinachohifadhi Ekaristi), akaketi mwisho wa benchi bila kuvua mkoba begani, akafumba macho. Nje basi la mwendokasi lilipita na dirisha likatetema kidogo. Baada ya muda mfupi aliinuka, akatazama saa, akatoka. Hicho ndicho kitu ambacho kanisa la Dar es Salaam linacho kuliko lile la Zanzibar: lipo katikati ya siku ya kazi ya watu wa mjini, na anayelitembelea huliona likitumika kama linavyotumika siku zote. Siku za Jumapili hali ni nyingine kabisa. Misa hufuatana, kwaya huimba kwa nguvu, na mtu aliyekuja kutazama madirisha hana nafasi wala haki ya kuzunguka. Kwa matembezi, siku za katikati ya juma ndizo zinazofaa.

Kulifikia hakuhitaji kiongozi. Anayekuja kwa basi la mwendokasi au daladala hushuka Posta ya Zamani na kuuona mnara. Anayetembea anaweza kuanzia kwenye Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora, sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ateremke kuelekea baharini hadi kwenye kanisa la Kilutheri la Azania Front. Kulipita kanisa hilo bila kusimama ni kujinyima, kwa sababu lilijengwa karibu miaka ileile na la Mtakatifu Yosefu, na Wajerumani haohao wa upande mwingine wa imani. Makanisa hayo mawili yapo mbele ya bandari ileile, umbali wa dakika chache tu kwa miguu, na mtu akiyatazama yote kwa saa moja anaelewa namna walivyotaka mji wao uonekane na anayeingia kwa meli. Jirani na Mtakatifu Yosefu kuna Nyumba ya Atiman, iliyojengwa wakati wa Sultani Majid na baadaye kuwa makazi ya mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ikapewa jina la Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akawa daktari na katekista wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ukiendelea mbele kidogo unafika Boma la Kale lenye kuta za mawe ya matumbawe na mlango wa kuchonga wa Kizanzibari. Njia yote hiyo ni tambarare. Mzee, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ataimudu kwa urahisi zaidi kuliko vichochoro vya Mji Mkongwe. Kasoro yake ni jua na magari, maana vivuli ni vichache na kelele hazikatiki, na baada ya saa nne asubuhi joto la lami huchosha.

Zanzibar ni jambo jingine. Historia ya Ukatoliki kisiwani ina tabaka kadhaa, na anayependa historia atashukuru kuanzia Ngome Kongwe kabla ya kufika kanisani. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, juu ya mabaki ya kanisa dogo ambalo Wareno walilijenga miaka mia moja hivi kabla ya hapo. Hivyo kanisa la kwanza la Kikatoliki mjini humo limo ndani ya kuta za ngome ya watu waliowashinda walioujenga msingi wake. Ukatoliki ulirudi mwishoni mwa mwaka 1860, mapadri wa Kifaransa walipowasili kutoka kisiwa cha Réunion, katika utawala wa Sultani Majid yuleyule aliyeiasisi Dar es Salaam. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo mwaka 1863, wakavuka hadi Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1890 wakajenga Zanzibar kanisa kubwa ambalo lilikamilika mwaka 1898. Wakati huo Zanzibar ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hiyo kanisa la Minara Miwili ni kazi ya Wafaransa, katika mji wa Sultani, chini ya Waingereza, na waumini wake kwa muda mrefu walikuwa pamoja na Wagoa, watu wenye asili ya Goa nchini India, waliofanya kazi na biashara kisiwani. Mchanganyiko huo hauna mfano wake Dar es Salaam, ambako dola iliyotawala na wamisionari waliojenga walikuwa wa taifa moja.

Kutoka Ngome Kongwe, fuata Mtaa wa Gizenga. Hapo ndipo jambo la ajabu huanza. Ukiwa baharini au juu ya paa la nyumba yoyote ndefu, minara ile miwili ndiyo alama ya kwanza kuonekana. Lakini kadiri unavyolikaribia kanisa kwa miguu, ndivyo linavyozidi kujificha. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu na njia ni nyembamba, hivyo anga hubaki kipande kidogo kati ya mabati na balkoni za mbao. Unaona ncha ya mnara mmoja juu ya ukuta, unakata kona, mnara umepotea. Unakata nyingine, upo nyuma yako. Mara ya kwanza nilizunguka na mgeni wangu kwa karibu nusu saa tukapita kwenye mlango uleule wa kuchonga mara tatu. Hatimaye mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alituonea huruma. Nilimwamkia, «Shikamoo, mzee,» akaitikia, «Marahaba, mwanangu,» na kabla sijamuuliza chochote akaonyesha kwa bakora yake: «Mbele pamefungwa. Zungukeni kwa nyuma.» Tulipokata kona ile tukalikuta kanisa zima limesimama mbele yetu, kubwa kuliko nafasi iliyoachiwa, kiasi kwamba tulilazimika kuinua shingo kabisa ili tuione misalaba. Sijapata kulifikia jengo lolote jijini Dar es Salaam kwa namna hiyo.

Maneno ya mzee yule ni ya kukumbukwa na kila anayekwenda, kwa sababu mlango mkubwa wa mbele mara nyingi hufungwa nje ya nyakati za Misa, na anayeukuta umefungwa hukata tamaa akaondoka. Njia ya kuingilia hupitia uani, upande wa nyuma, na ni vizuri kubisha hodi na kuomba ruhusa kwa yeyote utakayemkuta.

Ndani, mtindo ni wa Kirumi, ule uliotangulia Ugothiki: matao ya duara, uzito wa kuta, na utulivu wa chini badala ya kupaa. Vioo vya rangi na vigae vya sakafu vililetwa kutoka Ufaransa. Kuta zimechorwa picha za Agano la Kale, na hapa sina budi kusema wazi kwamba picha hizo zimeharibika, baadhi kwa unyevu na baadhi kwa mikono iliyotaka kuzitengeneza. Mtu anayetarajia ukamilifu atasikitika. Mimi mwenyewe huzipenda hivyohivyo zilivyo, lakini natambua kwamba tukipima umbo la ndani peke yake, yaani mwanga, uwiano wa nguzo na utunzaji, kanisa la Dar es Salaam linashinda waziwazi. Kinachosawazisha mizani ni sauti. Keti ndani ya Minara Miwili alasiri, na adhana ya misikiti ya jirani itakufikia kupitia madirisha, kisha baadaye kengele za kanisa zitajibu juu ya paa zilezile, kama zilivyofanya tangu kabla wazee wa barazani hawajazaliwa.

Kuna kosa moja ambalo huwapata wageni wengi, na mimi nimelishuhudia likifanywa hata na mtu aliyelipwa kuongoza watu. Alituambia kwamba Minara Miwili limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Si kweli. Kanisa lililojengwa kwenye eneo la soko hilo, lililofungwa mwaka 1873, ni la Kianglikana, la Mkunazini, ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Askofu Edward Steere. Mtu ambaye shabaha yake kuu ni historia ya utumwa aende Mkunazini kwanza, halafu akiwa na nguvu aendelee hadi Minara Miwili; mwendo si mrefu. Lakini asilichague kanisa la Kikatoliki kwa sababu ambayo ni ya kanisa jingine.

Katika mavazi na mwenendo, makanisa yote mawili yanadai kitu kilekile: mabega na magoti yafunikwe, kofia ivuliwe na wanaume, simu inyamazishwe, na picha zisipigwe wakati wa Misa wala zisimlenge mtu anayesali. Tofauti ni kwamba Zanzibar mavazi ya staha yanahitajika tangu unapotoka mlangoni kwako, kwa heshima ya mji wenye Waislamu wengi, wakati Dar es Salaam jambo hilo hutazamwa zaidi ukishafika kwenye lango la kanisa. Kote kuwili pana sanduku la sadaka, na anayeacha chochote anachangia gharama za jengo ambalo hewa ya chumvi hulila kila mwaka.

Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, na kwa mtu mwenye saa mbili tu kabla ya safari, ningechagua la Dar es Salaam bila kusita. Kadhalika kwa Mkatoliki anayetaka kusali kweli na si kutazama tu, maana Misa za siku za kazi zipo, mlango huwa wazi kwa muda mrefu zaidi, na hakuna anayemshangaa mtu aliyepiga magoti peke yake. Kwa mtu anayependa miji kuliko majengo, anayefurahia kupotea na kuulizia njia, na ambaye ana siku nzima, ningemwelekeza Zanzibar. Mji Mkongwe upo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini haukugandishwa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani, iliporomoka Desemba 2020, na kila mwaka unaopita hupunguza kitu. Aliye na sababu ya kwenda asiahirishe sana.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikuitaja Bagamoyo, yenye misheni ya mwaka 1868, makumbusho, na mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874. Bagamoyo inastahili safari yake yenyewe. Lakini misheni ile ipo ndani ya uwanja wake, imezungukwa na miti, nje ya mitaa ya mji, na anayetaka kanisa lililobanwa na maisha ya mjini hatalipata pale.

Na aliye na siku moja kamili na nauli ya boti hana haja ya kuchagua. Ahudhurie Misa ya asubuhi Dar es Salaam, avuke barabara hadi kwenye boti, na akienda aketi upande wa kulia, ambao ndio utakaotazamana na Mji Mkongwe minara miwili inapochomoza juu ya mapaa. Wakati wa kurudi aketi tena upande wa kulia. Boti ikishaingia kwenye mlango mwembamba wa bandari, Kigamboni ikiwa kushoto, Azania Front litaonekana kwanza, na baada yake mnara mweupe wa Mtakatifu Yosefu, mahali palepale alipouacha asubuhi.